Bustani ya maua kwenye udongo wa mfinyanzi: kazi za kufanya kati ya mvua za mwisho na jalidi ya kwanza

Hapa Mafinga, wilayani Mufindi, mvua za msimu hukatika kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, na jalidi ya kwanza, ile barafu nyembamba ya alfajiri, inaweza kuonekana juu ya nyasi mapema mwezi wa Juni. Baina ya nyakati hizo mbili kuna majuma manne, pengine matano, na mwenye bustani ya maua kwenye udongo wa mfinyanzi hana budi kuyatumia vizuri, kwa sababu ndiyo majuma ambayo udongo huo hukubali jembe bila ugomvi. Kabla ya hapo hunata kwenye jembe na kwenye viatu. Baada ya hapo hukauka ukawa tofali. Wafyatuaji wa matofali huku kwetu huanza kazi mara tu mvua zinapokwisha, na udongo wanaouchimba ni uleule ambao sisi tunataka uoteshe pansi na dalia.

Mwongozo huu unahusu kazi za majuma hayo pamoja na utunzaji wa bustani katika kipupwe chote, hadi mwisho wa Agosti. Nimeyazingatia zaidi maeneo ya mwinuko mkubwa yenye baridi kali, kama Mafinga, Njombe, Makete na vilima vinavyoizunguka Mbeya. Wakazi wa Tukuyu wausome huku wakisogeza tarehe mbele, kwa kuwa mvua za Rungwe huendelea kunyesha kwa nguvu hata mwezi wa Mei, na udongo wao uliotokana na volkano una tabia nyingine kabisa. Aliye Iringa mjini anaweza kupunguza hofu ya jalidi, lakini udongo mwekundu ataukuta palepale.

Kuujua udongo kabla ya kuuchimba

Udongo huu umeitwa kwa jina la fundi wake, na jina hilo linaeleza tabia yake yote. Chembe zake ni ndogo mno, chini ya milimita 0.002, nazo hulaliana na kubanana kiasi kwamba maji hupita polepole na hewa hupata nafasi finyu. Sifa hiyo ndiyo inayowawezesha akina mama wa Kikisi, kule mwambao wa Ziwa Nyasa, kufinyanga vyungu vinavyouzwa hadi Mbeya: chungu chema hakivuji. Mzizi wa ua, kwa upande wake, unataka maji yapite na hewa ibaki. Hata hivyo nisingependa mtu auchukie udongo huu, maana hushika maji na virutubisho kwa muda mrefu, na wakati mwenye bustani ya kichanga anamwagilia kila jioni katika kiangazi cha Julai, mimi humwagilia mara mbili tu kwa juma.

Kipimo cha kwanza ni cha mkono. Chukua udongo kidogo kutoka kina cha sentimita 15, ulowanishe, kisha uuviringishe kati ya viganja mpaka uwe kama kamba nyembamba. Kamba ikikatika mara moja, udongo wako una mchanga wa kutosha na sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu. Ikikubali kukunjwa kuwa duara bila kupasuka, huo ni mfinyanzi halisi.

Kipimo cha pili hueleza kama siku ya kuchimba imefika, na hiki ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Fumbata udongo wa kina hichohicho, bila kuuongeza maji, kisha uachie donge lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likitua zima, au ukiona vidole vyako vimeacha alama zinazong'aa juu yake, subiri siku tatu ukapime tena, kwa sababu kuchimba mfinyanzi uliolowa ni sawa na kuufinyanga: kila pigo la jembe huacha ukuta laini usiopitisha maji, nao ukikauka hautavunjika mpaka mvua za Novemba. Donge likipasuka likawa chenga za ukubwa wa punje za mahindi na maharage, acha shughuli nyingine zote ukashike uma wa bustani. Na kama udongo hautaki hata kufumbatika kwa ukavu, umechelewa. Mwagilia maji mengi, funika kwa majani, na urudi baada ya siku mbili.

Kipimo cha tatu ni cha upitishaji wa maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yazame yote, kisha ulijaze tena na kuchomeka kijiti chenye alama. Maji yakishuka sentimita tatu au zaidi kwa saa moja, tuta la kawaida litatosha. Yakishuka chini ya sentimita moja, hapo mahali panatuamisha maji, na mimea mingi ya maua itaoza mizizi usipoinua tuta kweli kweli.

Kosa la mchanga

Karibu kila mtu anayeanza bustani kwenye mfinyanzi huambiwa atie mchanga, na mimi pia niliambiwa. Nilileta toroli kumi na mbili za mchanga wa mtoni nikazichanganya kwenye kitanda cha mita za mraba kumi, nikaona udongo umekuwa mwepesi, nikafurahi. Ilipofika Agosti kitanda hicho kilikuwa kigumu kuliko njia ya kupitia. Jembe lilidunda. Sababu yake ni rahisi: chembe za mfinyanzi hujaza nafasi zilizo kati ya punje za mchanga, vyote vikashikana kama zege. Ili mchanga ulainishe mfinyanzi ni lazima uwe zaidi ya nusu ya ujazo wote, na mtu anayeweza kusomba kiasi hicho ni afadhali anunue udongo mwingine kabisa. Mama mmoja jirani, ambaye amelima bondeni tangu ujana wake, aliniangalia nikihangaika na jembe langu, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nataka kujenga.

Tuta, kwa namna ya vinyungu

Ni huyo mama aliyenipeleka kwenye vinyungu vyake. Vinyungu ni bustani za mabondeni ambazo Wahehe na Wabena hulima wakati wa kiangazi, kwa kuinua matuta na kuacha mifereji katikati, ili maji ya ziada yashuke mferejini na mizizi ibaki juu yake. Wanaotumia njia hiyo hupata mahindi mabichi, maharage na mboga za majani katika udongo mweusi uliolowa kiasi cha kumeza gumboti. Yale matuta hayakujengwa kwa ajili ya maua, lakini ua na haragwe vina mizizi yenye shida moja.

Kwa maua tuta liwe na upana wa mita 1 hadi 1.2, ili uweze kufika katikati yake kwa mkono bila kulikanyaga, na kimo cha sentimita 20 hadi 30. Njia kati ya matuta iwe ya sentimita 40 au 50, na ichimbwe kidogo ili ifanye kazi ya mfereji. Udongo unaotoka njiani upandishe juu ya tuta. Mahali penye mteremko fuata kontua, yaani mstari wa usawa unaoukata mteremko, huku ukiuacha mfereji uelekee upande mmoja kwa mwinamo mdogo. Baada ya hapo usilikanyage tuta tena, wala usimruhusu mtoto, mbuzi au fundi wa ukuta kulikanyaga, kwa sababu mguu mmoja kwenye mfinyanzi wenye unyevu hubana kazi ya saa nzima.

Wakati wa kuchimba usiulete juu udongo wa chini. Tabaka la juu lenye weusi kidogo ndilo lenye uhai, na kwenye udongo mwekundu wa Mufindi mara nyingi tabaka hilo halizidi urefu wa kiganja. Uma wa bustani unafaa kuliko beleshi: uchomeke, uutikise mbele na nyuma ili udongo upasuke, kisha usogee. Vitabu vya kilimo cha bustani vilivyoandikwa Ulaya hushauri mabonge yaachwe wazi ili baridi iyapasue, na ushauri huo una maana kule ambako maji yaliyo ardhini huganda na kutanuka. Jalidi yetu ni ya juu juu. Hugandisha umande na majani, haigandishi ardhi. Mabonge utakayoyaacha mwezi wa Mei utayakuta Septemba yakiwa mabonge, isipokuwa yatakuwa magumu zaidi.

Samadi, maranda na chokaa

Kinacholainisha mfinyanzi kwa kudumu ni mabaki ya viumbe hai, kwa sababu gundi zinazotengenezwa na bakteria, kuvu na minyoo hukusanya chembe ndogo zikawa chenga, na kati ya chenga hewa hupita. Kiasi kinachofaa kwa mara ya kwanza ni ndoo tatu za lita 20 za mboji au samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba. Kiasi hicho hufanya tabaka la sentimita 6, ambalo utalichanganya na sentimita 20 za udongo wa juu. Mwaka wa pili ndoo moja na nusu inatosha. Samadi ya ng'ombe iwe imekaa miezi mitatu au zaidi, mpaka isitoe joto wala harufu kali. Ya kuku ni kali, kwa hiyo punguza kiasi hadi robo.

Watu wa Mafinga wana neema ya pekee, nayo ni maranda na unga wa mbao unaotoka kwenye viwanda vya kupasua mbao za msitu wa Sao Hill. Rundo linapatikana kwa bei ya kusombea tu. Hapa, hata hivyo, inafaa kuwa na subira. Maranda mabichi yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo sana, na vijidudu vinavyoyaozesha huchukua nitrojeni kutoka kwenye udongo, hata mimea ikaanza kugeuka manjano kuanzia majani ya chini. Yarundike pamoja na samadi na majani mabichi kwa muda wa mwaka mzima, ukiyageuza kila baada ya miezi miwili, ndipo uyachanganye na udongo. Yakiwa mabichi yatumie juu tu, kama matandazo. Walio karibu na Mbarali hutumia makapi ya mpunga kwa namna hiyohiyo, na walio Mbozi hutumia maganda ya kahawa, ambayo huoza haraka zaidi.

Udongo mwekundu wa huku kwa kawaida una asidi. Ikiwa huna majibu ya maabara, gramu 200 za chokaa ya kilimo kwa mita moja ya mraba ni kiasi kisichoweza kuharibu; itie juma la kwanza la maandalizi, kisha uache majuma mawili au matatu kabla ya kuweka samadi, kwa kuwa vikikutana vibichi nitrojeni ya samadi hupotea hewani ikiwa amonia, na utaisikia kwa pua. Majivu ya jikoni hufanya kazi hiyohiyo kwa udhaifu, konzi mbili kwa mita. Usiipe chokaa haidranjea kabla ya kusoma sehemu inayofuata.

Maua ya kupanda na maua ya kuacha

Pakiti nyingi za mbegu zinazouzwa madukani zina maelezo ya nchi za kaskazini. Ukisoma kwamba mbegu ipandwe Septemba au Oktoba, ongeza miezi sita, upate Machi au Aprili. Ongezeko hilo halitoshi lakini, kwa sababu baridi ya Ulaya huja na mvua na baridi yetu huja na ukavu. Mahali ambapo pakiti haisemi lolote kuhusu maji, wewe weka ratiba ya kumwagilia.

Kwa kipupwe chagua mimea inayovumilia baridi: pansi, kalendula, dianthasi, na snapdragoni. Mbegu zisipandwe moja kwa moja kwenye mfinyanzi, kwa sababu tone moja la maji huufunga uso wa udongo ukawa gamba ambalo chipukizi dogo haliwezi kulipasua. Tengeneza kitalu kwa mchanganyiko wa sehemu tatu za udongo wa msituni, mbili za mboji na moja ya mchanga. Hapa mchanga unafaa, kwa kuwa hakuna mfinyanzi wa kushikana nao. Mbegu ya kalendula, ambayo imepinda kama kucha iliyokatwa, izikwe kina cha sentimita moja na itaota ndani ya juma moja au mawili. Mbegu za snapdragoni ni vumbi tupu na zinahitaji mwanga, kwa hiyo zinyunyize juu, zikandamize kwa kipande cha ubao, usizifukie. Pansi hutaka giza hadi iote. Funika trei kwa gazeti lililolowa. Miche yenye majani manne hadi sita ya kweli ihamishiwe tutani katikati ya Mei, kwa nafasi ya sentimita 20 kwa pansi na 30 kwa kalendula, ili ipate majuma mawili ya kushika mizizi kabla baridi haijakolea. Kagua shina la kila mche kwa siku kumi za mwanzo, maana sota, viwavi wanaojificha udongoni, hukata usiku na kuuacha mche umelala kama uliopigwa upanga.

Mahali panapokataa kabisa kupitisha maji, usipigane napo. Panda kala, lile ua jeupe lenye umbo la faneli, ambalo kwa asili hukaa kando ya vijito na kwenye madimbwi. Kana nayo huvumilia, ingawa jalidi itayachoma majani yake na itakubidi kuikata hadi chini mwezi wa Agosti. Agapanta na maua ya deizi hufurahia tuta lililoinuliwa, na huu ndio wakati wa kuyagawa: chimbua shina lote, lipasue kwa beleshi kali, upande vipande vyenye mizizi. Aliyewahi kulima pareto anaijua kazi hii tayari, kwa sababu mashina ya pareto hugawanywa vivyo hivyo, na pareto yenyewe ni ndugu wa deizi.

Haidranjea inastahili aya yake. Ukipita kwenye bustani za zamani za mashamba ya chai ya Mufindi utaiona ikiwa ya buluu iliyokolea, na watu hudhani ni aina maalumu. Rangi hiyo inatokana na udongo: penye asidi, chini ya kipimo cha pH 5.5 hivi, madini ya aluminiamu huyeyuka, mmea huyanyonya, na ua huwa la buluu. Udongo ukikaribia pH 6.5 na kuendelea aluminiamu hufungika na ua hugeuka la waridi. Mimi nina kichaka kimoja kilichopandwa kwenye kona ya nyumba, ambapo fundi alimwaga mabaki ya saruji, na saruji ina chokaa. Upande wa ukutani kinatoa maua ya waridi iliyofifia, upande wa bustanini yanakuwa ya buluu, na katikati kuna vichwa viwili vitatu vya zambarau ambavyo havijaamua. Anayetaka buluu asitie chokaa wala majivu. Aipande penye kivuli cha mchana, na vichwa vikavu vya maua asivikate kabla ya Septemba, kwa sababu hukinga vichipukizi vilivyo chini yake.

Kuna mimea miwili ambayo ningependa msomaji aiache. Tulipu ni ya kwanza: kitunguu chake kinahitaji majuma 12 hadi 16 ya baridi isiyozidi nyuzi joto 9 mfululizo ili kitoe ua zuri, na ardhi yetu haifikii hapo, hata kama hewa ya alfajiri hufikia. Utapata majani mwaka mmoja na kisha utapata uozo. Ya pili ni okidi za mwituni. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, ina aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini, nazo zimeumizwa vya kutosha na uchimbaji wa viazi vyake vinavyopelekwa Zambia kutengenezewa kitoweo cha chikanda. Okidi hizo huishi kwa kutegemea kuvu waliomo kwenye udongo wake wa asili, kwa hiyo zikihamishiwa bustanini kwa kawaida hufa. Nenda ukazitazame kulekule, kati ya Desemba na Aprili.

Dalia

Dalia ndiyo malkia wa bustani za huku kuanzia Januari hadi Mei, na swali ninaloulizwa kila mwaka ni kama viazi vyake ving'olewe au viachwe ardhini. Ulaya huving'oa kwa sababu ardhi huganda. Kwetu adui ni maji, siyo ganda la barafu. Kwa hiyo kwenye tuta lililoinuliwa linalokauka vizuri ninaviacha, nakata mashina na kurundika matandazo ya kina cha kiganja juu yake. Kwenye bonde, au kwenye kingo za Mufindi ambako ukungu na manyunyu huendelea hadi Julai, ninaving'oa bila kusita.

Anayeng'oa asiwe na haraka. Ngoja mpaka jalidi ya kwanza iyafanye majani kuwa meusi, kisha kata mashina yabaki sentimita 15, na uache siku saba, ili macho ya mwaka unaofuata yavimbe na yaonekane. Choma uma mbali, sentimita 30 kutoka shinani, ukizunguka pande zote, ndipo uinue bonge zima. Shingo inayounganisha kiazi na shina ni nyembamba na huvunjika kwa urahisi, hasa udongo ukiwa mzito. Kiazi kilichovunjika shingo hakitachipua hata kikiwa kinene namna gani, kwa kuwa macho hayako kwenye kiazi, yako pale kwenye shina. Usilioshe bonge kwa kulisugua. Lipindue lining'inie kichwa chini kwa siku mbili kivulini, maana shina la dalia lina uwazi ndani na hukusanya maji yanayoozesha kila kitu, kisha ulipange kwenye boksi lenye maranda makavu na kuliweka mahali penye baridi isiyogandisha. Hapa maranda mabichi yanafaa kabisa, mradi yawe makavu. Kila mwezi pitisha mkono: kiazi laini kitupwe, na kilichokunyata kinyunyiziwe maji kidogo.

Kuikabili jalidi

Jalidi huja usiku usio na mawingu wala upepo. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, hewa iliyogusana nayo hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hutiririka kuelekea bondeni mithili ya maji na kutuama kwenye mabwawa yasiyoonekana. Ndiyo maana bustani mbili zilizotengana kwa mita hamsini zinaweza kuamka moja ikiwa kijani na nyingine ikiwa nyeupe. Ukuta au ua wa miti ulio upande wa chini wa bustani huizuia hewa hiyo isipite. Toboa nafasi chini yake. Kwa dalili, mimi hutoka nje saa mbili usiku: nikiona nyota kali, hakuna jani linalotikisika, na moshi wa jikoni umelala juu ya paa badala ya kupanda, najua alfajiri itakuwa na kazi.

Jambo la kwanza hufanywa mchana. Mwagilia udongo, siyo majani, kabla ya saa tisa alasiri, kwa kuwa udongo wenye maji huhifadhi joto la jua zaidi ya udongo mkavu na hulitoa polepole usiku. Mfinyanzi hapa una faida kubwa. Matandazo mazito, kwa upande mwingine, yanaleta utata ambao haupaswi kufichwa: hulinda mizizi na unyevu, lakini huzuia joto la ardhi lisipande kwenye majani, hivyo mmea mfupi uliozungukwa na nyasi kavu unaweza kuungua wakati jirani yake kwenye udongo wazi amepona. Ninachofanya ni kuyasogeza matandazo nusu hatua kutoka kwenye mimea laini jioni ya hatari, na kuyarudisha baadaye. Pansi na kalendula hazihitaji kubembelezwa hivyo.

Jambo la pili ni kufunika. Chomeka fito za mianzi, ambazo huku hazikosekani, uzipinde ziwe matao juu ya tuta, na ifikapo saa kumi na moja jioni, kabla ardhi haijapoteza joto, tandika juu yake magunia ya katani, mashuka chakavu au viroba vilivyoshonwa pamoja. Ncha zifike chini na zibanwe kwa mawe, kwa sababu joto tunalolihifadhi linatoka ardhini. Nailoni hufaa kwa shida tu: ikigusa jani, jani hilo huganda mahali ilipogusa. Vifuniko viondolewe saa mbili hadi saa tatu asubuhi, jua likishapasha hewa, la sivyo unyevu uliobaki ndani utaleta kuvu wa kijivu kwenye maua, ambaye kwa uzoefu wangu ameharibu maua mengi kuliko jalidi yenyewe.

Ukiamka umechelewa na kukuta majani meupe, nyunyiza maji ya kawaida kabla jua halijayagusa, ili barafu iyeyuke taratibu. Majani yakiwa yameshakuwa meusi, zuia mkono wako. Yaache yalivyo. Yanachukiza macho, lakini yatakinga machipukizi ya chini katika usiku wa baridi utakaofuata, na mara nyingi mmea unaoonekana umekufa mwezi wa Julai huchipua Septemba kutoka kwenye shina.

Mawaridi

Kosa langu la pili lilikuwa kupogoa mawaridi mwezi wa Juni, kwa kufuata kalenda ya kitabu kisichohusiana na Mufindi. Matawi yalichipua machipukizi mekundu mazuri, na usiku mmoja ukayamaliza yote. Mimea ilipoteza akiba yake, na miwili haikuinuka tena. Mwezi wa Mei kata maua yaliyonyauka tu, na usitie mbolea yenye nitrojeni kuanzia Aprili, ili mti ukomaze ngozi yake kabla ya baridi. Kupogoa kwenyewe kufanyike kati ya juma la mwisho la Agosti na katikati ya Septemba. Kata kwa mkasi mkali, kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, ukiacha matawi manne au matano yenye afya na kuondoa yanayokatiza katikati ya kichaka. Siku hiyohiyo mwagilia ndoo nzima kwa kila shina, weka samadi iliyooza kuizunguka, na urudishe matandazo yote uliyoyasogeza, kwa sababu kuanzia hapo hadi mvua za Novemba kinachosumbua bustani ni kiu, na ufa wa kwanza kwenye mfinyanzi utauona upande unaopigwa na jua la saa nane.